Klachi ya Bi Mkubwa

Bi Mkubwa alirudi nyumbani akivutwa kwa mnyororo, tena na lori la Kijogoo, mtu ambaye Kapteni alikuwa hamtaji bila kutema mate kwanza. Mtaa mzima ulitoka nje kutazama. Walikuwepo hata wale ambao ukiwaita kuzima moto huwa wana kazi nyingi. Kapteni alikuwa juu, nyuma ya usukani wa gari lisilowaka, shingo ameikaza na macho ameyaelekeza mbele kana kwamba ni yeye anayemsukuma Kijogoo.

"Pole, Kapteni!"

"Kitu kidogo tu. Klachi."

"Pole sana!"

"Klachi, nimesema. Si msiba."

Mkewe alikuwa mlangoni kwake, ameegemea friji aliyokuwa akiuzia barafu na maji baridi. Mgeni wa mtaa angesikia watu wakimwita Bi Mdogo angedhani ni mke wa pili. Hapana. Kapteni hakuwa na mke mwingine, alikuwa na lori. Alilinunua kabla ya kuoa, likiwa tayari limeshachosha wenyewe wawili, na tangu hapo akaliosha, akalipaka rangi, akalisemesha asubuhi na jioni. Watu wakalipa cheo chake, Bi Mkubwa. Alipokuja kuoa, bibi harusi akakuta nafasi ya kwanza imeshakaliwa, akapewa iliyobaki. Hakuna aliyemuuliza kama anaitaka.

Na Bi Mkubwa alikuwa na masharti yake. Ukitaka kuingia ndani, unavua viatu kwenye kipandio. Ukiwa na grisi mwilini, huingii kabisa, hata uwe fundi, hata uwe mjomba. Vitambaa vya viti alivifuma Bi Mdogo kwa mkono wake, vyeupe, vyenye maua pembezoni, akaambiwa ahsante, akaonyeshwa kiti cha abiria. Kiti cha usukani kilikuwa cha mtu mmoja tu duniani. Kapteni aliwahi kusema hata akifa asishushwe haraka.

Siku hiyo kwenye machimbo ya mchanga, kama Kijogoo alivyosimulia kwa sauti ya kutosha nyumba zote, Bi Mkubwa alifika taratibu mbele ya meza ya Wakala, yule mtu anayepanga lori gani lipakie na lipi lisubiri. Kapteni akakanyaga klachi, akakanyaga breki. Lori lilitakiwa lisimame. Badala yake likaruka mbele, likaipiga meza kumbo, likamwaga chai ya Wakala mapajani mwake, halafu likazimika. Likakataa kuwaka tena, maana stata yake ilikuwa na umri wa kujifanyia itakavyo.

"Wakala amesemaje?" aliuliza Bi Mdogo.

"Amesema mengi, shemeji. Suruali ilikuwa mpya." Kijogoo alifungua mnyororo wake polepole, apate muda wa kuendelea. "Amesema Jumamosi. Bi Mkubwa asiposimama mbele ya meza yake Jumamosi, mzima, bila kuruka ruka, nafasi inakwenda kwa mwingine."

"Kwa nani?"

Kijogoo akatabasamu kwa unyenyekevu mkubwa. "Mimi sijaomba," alisema.

Hapo Bi Mdogo alielewa kila kitu. Nafasi ya machimbo ndiyo iliyokuwa ikiwalisha. Barafu iliwanunulia chumvi na sabuni, lakini unga, kodi na dawa vilitoka kwenye mchanga, na mchanga ulitoka mgongoni mwa Bi Mkubwa. Alimtazama mumewe akishuka. Alishuka kwa kujivuta, mguu wa kulia kwanza, akaushikilia mlango hadi ule wa kushoto ulipofika chini.

"Umeumia?"

"Naumia vipi? Gari ndilo lililoharibika. Nipe maji."

Akampa jagi. Akalimaliza, akaenda chooni, akarudi, akaomba jingine.

*

Fundi aliletwa asubuhi yake. Jina lake mtaani lilikuwa Fundi Kesho, kwa sababu hakuna gari lililowahi kufika mikononi mwake ambalo halikutakiwa kutembea kesho. Lakini tusimsingizie, kazi alikuwa anaijua. Ndevu zake zilikuwa na mvi na grisi kwa uwiano mzuri, na alikuwa akilala chini ya gari kwa raha kuliko wengine wanavyolala kitandani.

Kazi ya klachi ni ya watu wawili. Mmoja yuko chini anatazama, mwingine yuko juu anakanyaga. Wa chini anaita, wa juu anaitika, na wakielewana gari linapona. Wa juu, bila shaka, alikuwa Kapteni.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga!"

"Achia!"

"Nimeachia!"

"Kanyaga tena! Mpaka chini!"

"Nimekanyaga mpaka chini! Mimi nakanyaga klachi wewe bado unanyonya!"

Fundi Kesho alichungulia tena. Pale chini kuna bomba dogo la mafuta, na bombani hutoka ufito. Pedali ikikanyagwa, ufito unatakiwa uchomoke wote, usukume uma, na uma uiachanishe klachi na injini ili gia ziingie. Ufito wa Bi Mkubwa ulikuwa ukichungulia upana wa ukucha, unaona haya, unarudi ndani.

"Upepo," Fundi Kesho alitoa hukumu. "Mafuta yana upepo. Tukiutoa, kesho linatembea."

Wakautoa upepo. Kanyaga, shikilia, fungua, funga, achia. Wakautoa mpaka mafuta yakatoka masafi. Ufito ukachungulia upana wa ukucha.

"Basi ni bomba la chini. Mpira wake umekwisha."

Likanunuliwa bomba la chini. Ufito haukujali.

"Basi ni bomba la juu. Hili ndilo mama yao."

Likanunuliwa na bomba la juu. Fundi alipolifunga, alisimama kwenye mlango wa dereva akiwa anajifuta mikono kwa tambara lililokuwa chafu kuliko mikono.

"Kapteni, ngoja niingie mimi dakika moja. Niisikie pedali mwenyewe."

Kapteni akamtazama kuanzia kichwani hadi miguuni. "Na grisi hiyo?"

"Nitatandika gazeti."

"Gazeti! Juu ya vitambaa vya mke wangu!"

Bi Mdogo alikuwa anapita na ndoo. Tangu aolewe hakuwahi kusikia vitambaa vyake vikitetewa kwa uchungu namna ile. Alishangaa, na nusura afurahi.

Jioni hiyo alikuwa anapika uani, na wifi yake amekaa kwenye kibao anachambua mchele na watu. Wifi alikuwa dada yake Kapteni, mjane, aliyekuja kusalimia msimu mmoja wa mvua, na mvua ilipokatika akasahau kuondoka.

"Mabomba mawili," Wifi alisema. "Na bado. Mimi sisemi kitu, lakini lori hili lilikuwa halijui kuugua kaka yangu alipokuwa peke yake. Kuna watu wana miguu ya mkosi. Wakikanyaga mahali, pamekwisha."

"Wifi, mwaka wa ngapi huu tangu nikanyage? Mkosi gani unaochelewa hivyo?"

"Ndiyo mbaya zaidi. Unakuja umejipanga."

Kapteni alitoka ndani akiwa pekupeku, akapita katikati yao kwenda kuchota maji. Kaa la moto lilikuwa limedondoka kutoka kwenye jiko. Akalikanyaga. Akasimama juu yake, mguu wa kushoto, akaendelea kumlalamikia dada yake juu ya Kijogoo na mnyororo wake. Bi Mdogo alisikia harufu kabla hajaelewa inatoka wapi.

"Mguu! Baba, mguu wako!"

Kapteni akatazama huku na huku, kana kwamba mguu unaotajwa ni wa mtu mwingine. Ndipo akainama, tumbo likamzuia, akausogeza pembeni. Kaa lilikuwa limeshazimikia kwenye unyayo.

"Ah," alisema. "Ngozi ya dereva hiyo. Miaka yote hii kwenye pedali, imekuwa gome."

Wifi akacheka, akamsifu kaka yake kwa uanaume. Bi Mdogo hakucheka. Usiku alitaka kumpaka mafuta penye lile jeraha, akaambiwa asimfanye mtoto.

*

Alhamisi Fundi Kesho alitangaza kwamba ugonjwa uko ndani kabisa. Klachi pleti imeganda, alisema, haitaki kuachana na injini. Dawa ni kushusha giaboksi na kuweka pleti mpya.

"Na ikishawekwa?"

"Kesho linatembea."

Pleti mpya ya lori la umri ule haikuwa kitu cha kununua kwa chenji za barafu. Kapteni alikaa mezani, akanywa maji, akatoka, akarudi, akanywa mengine. Halafu macho yake yakaenda mlangoni, ilipo friji, yakatua. Bi Mdogo aliyaona yakitua.

"Hapana," alisema.

"Sijasema kitu."

"Umetazama."

"Mke wangu, ni ya kuazima tu. Bi Mkubwa akitoka Jumamosi, mwezi hauishi nakuletea kubwa zaidi. Yenye milango miwili."

"Mimi sina vitu vya milango miwili vya kuweka. Nina maji."

Lakini nani alikuwa akibishana na nani? Friji ilibebwa mchana huohuo na mwenye duka la kona, ambaye aliikagua kwa dakika nyingi, akaipiga mateke kidogo, akalalamika kwamba inanguruma, akaichukua kwa bei ya kumsaidia jirani. Barafu iliyobaki Bi Mdogo aliigawa kwa watoto wa mtaa. Ile iliyobaki chini akaiacha iyeyuke hapo mlangoni. Wifi alisema angalau sasa ukumbi utapata nafasi.

Giaboksi ikashuka. Pleti ya zamani ikatoka, na Fundi Kesho akaigeuza geuza mkononi akiwa amekunja uso. Haikuwa imeganda popote. Ilikuwa imelika, ndiyo, lakini bado ingeweza kufanya kazi. Kwa kuwa mpya ilikuwa imeshanunuliwa, hakulisema hilo kwa sauti.

*

Ijumaa, kila kitu kikiwa kimerudi mahali pake, walianza tena wimbo wao. Kapteni juu, fundi chini. Kanyaga, nimekanyaga. Bi Mdogo alisimama karibu na mlango wa dereva na kikombe cha maji, kwa sababu Kapteni alikuwa haishi kuagiza maji, na kila alichokiingiza kilitaka kutoka hapo hapo.

"Nakuja," Kapteni alinong'ona, akashuka, akaelekea chooni nyuma ya nyumba. Hakutaka fundi ajue kwamba anakwenda tena.

Fundi Kesho hakujua. "Kanyaga!" aliita kutoka chini.

Ufito haukusogea.

"Kapteni, kanyaga bwana, mchanga unaniingia masikioni!"

Bi Mdogo alitazama kulia, akatazama kushoto. Hata leo ukimuuliza, hana maelezo. Labda ni ile friji. Akavua kandambili zake kwenye kipandio, akapanda, akakaa kwenye kiti ambacho hakijawahi kukaliwa na mtu mwingine, juu ya kitambaa alichokifuma mwenyewe, akaweka mguu kwenye pedali ya klachi, akakanyaga. Ilikuwa nzito, lakini ndoo za maji nazo ni nzito. Ilishuka mpaka ikagonga sakafu.

"Ebo!" Fundi Kesho alipiga kelele. "Hapo! Hapo hapo, usiachie! Umetoka wote! Kapteni, leo umekula nini?"

Bi Mdogo aliubana mguu palepale.

"Achia! Kanyaga tena! Loo, mwendo wenyewe! Nilisema ni pleti, mimi, si nilisema?"

Alikanyaga tena, akaachia. Mguu wake ulikuwa umeshaelewa kabla ya kichwa. Alikaa pale, mikono kwenye usukani, akayapitisha yote kichwani: majagi ya maji, kaa la moto, mguu unaoshushwa wa mwisho, gazeti lililokataliwa. Akainua macho. Kupitia kioo alimwona mumewe akirudi kutoka nyuma ya nyumba. Kapteni alidhani yuko peke yake. Alikuwa ameshika ukuta kwa mkono mmoja, na mguu wa kushoto ulikuwa ukimfuata nyuma, unaburuta vumbi.

Bi Mdogo alishuka haraka kwa mlango wa abiria. Kandambili akazisahau.

Anayelala chini ya gari huwajua watu kwa miguu yao. Fundi Kesho aliona jozi moja ya miguu ya kike, peku, ikishuka upande ule. Halafu akaona miguu ya Kapteni ikija upande huu, mmoja unapiga hatua, mwingine unachora mstari mchangani. Iliposimama, ilisimama mbele ya kipandio kwa muda mrefu. Kandambili mbili za buluu zilikuwa hapo, zimepangwa vizuri. Kapteni alizisogeza pembeni kwa mguu wa kulia, akapanda.

"Kanyaga," alisema fundi. Safari hii hakupiga kelele.

"Nimekanyaga."

Ufito ukachungulia upana wa ukucha.

Fundi Kesho alijitoa chini ya lori, akakung'uta mgongo, akaanza kuokota spana zake moja moja.

"Klachi iko sawa," alisema.

"Sawa vipi, na gia haziingii?"

"Iko sawa, Kapteni. Mimi nimemaliza. Kilichobaki hakina spana."

Akafunga begi lake akaondoka. Hakusema kesho. Hakurudisha hata senti moja pia, maana huruma ni kitu kimoja na biashara ni kingine.

*

Bi Mdogo alipanda upande wa abiria, akafunga mlango. Walikaa wakitazama ukuta wa nyumba yao.

"Uliingia," alisema Kapteni.

"Niliingia."

"Ulivua viatu?"

"Si umeviona?"

Kapteni alipangusa usukani kwa kiganja, mahali ambapo hapakuwa na vumbi. "Ilianza vidoleni," alisema. "Ganzi. Tangu mavuno ya mwaka jana. Nikadhani ni viatu, nikaacha viatu. Ikapanda. Sasa siujui mguu ulipo mpaka niutazame. Nikikanyaga, naona kama nimekanyaga."

"Na ulikuwa ukiendesha hivyo?"

"Nilikuwa nasikiliza injini. Ukiijua injini, gia zinaingia bila klachi. Kusimama ndiyo kazi."

"Kwa hiyo ulijua."

Kapteni aliupangusa tena usukani.

"Bomba la kwanza ulijua. La pili ulijua. Friji yangu inabebwa, mwenye duka anaipiga mateke, na wewe umesimama unajua!" Sauti ilimpanda, akailazimisha ishuke, kwa sababu Wifi alikuwa dirishani akifuta kioo ambacho hajawahi kukifuta. "Kwa nini, Baba?"

"Lori likiharibika watu wanakuambia pole," alisema Kapteni. "Mguu ukiharibika wanakuuliza lori unauza bei gani."

Bi Mdogo alikuwa amejiandaa kumtukana. Alikuwa na maneno mazuri kabisa, ameyapanga tangu Alhamisi. Badala yake akaona anataka kulia, jambo lililomuudhi zaidi.

"Twende hospitali."

"Yule fundi viatu wa mtaani alikwenda hospitali na miguu miwili. Amerudi na mingapi?"

"Alikwenda mguu umeshaoza!"

"Mimi siendi. Tusiongee tena." Halafu akasema polepole, "Na kesho ni Jumamosi."

Kesho ilikuwa Jumamosi, kweli. Meza ya Wakala ilikuwa ikingoja, na Kijogoo ambaye hakuomba alikuwa akingoja pia. Bi Mdogo alitazama chini, kwenye pedali. Ya klachi ilikuwa upande wake. Mtu akijibana katikati ya kiti, goti moja upande huu wa fimbo ya gia na jingine upande ule, mguu unafika.

"Sogea," alisema.

"Nisogee wapi?"

"Sogea, nimesema. Wewe shika usukani, gia na breki. Mimi nitakanyaga."

*

Walifanya mazoezi kwenye uwanja ulio nyuma ya soko. Mara ya kwanza Bi Mkubwa aliruka kama mbuzi, mara ya pili akazimika, ikabidi wachukuzi wa soko wamsukume huku wakiuliza maswali. Kufikia jioni walikuwa wameelewana. Kapteni alisema kanyaga, Bi Mdogo alikanyaga. Alisema achia, aliachia, polepole, mpaka lori likaondoka bila kujua limeondoka. Katika miaka yote ya ndoa yao hawakuwahi kusikilizana namna ile juu ya jambo lolote.

Asubuhi Wifi aliwaona wakitoka wamebanana upande mmoja wa kiti. "Uzee huu!" alisema, akajifunika uso kwa kanga, lakini akiacha jicho moja nje.

Mtaani watu walipiga miluzi. Kwenye kituo cha mafuta kijana wa pampu aliuliza kama kiti cha abiria kimevunjika. Kapteni aliwajibu wote kwa kuinua kidole kimoja juu ya usukani, kama kawaida, ila jasho lilikuwa linamtiririka shingoni. Bi Mdogo alitazama mbele. Paja lilikuwa linamuuma, mguu unatetemeka, na kila waliposimama alijiuliza huyu mtu angeua watoto wangapi wa shule kwa ajili ya heshima yake.

Ni hapo wazo lilipomjia.

Machimbo yalikuwa chini ya mteremko mfupi. Wakala alikuwa nyuma ya meza yake iliyogongwa misumari upya, amevaa suruali ya zamani kwa tahadhari. Madereva walikuwa wamejipanga pembeni kuangalia sinema ya bure. Kijogoo alikuwa ameegemea lori lake, mnyororo ameutundika begani.

Bi Mkubwa aliteremka kwa gia ya kwanza, mzito, ananguruma.

"Tayari," alisema Kapteni. "Kanyaga."

Bi Mdogo hakukanyaga.

"Kanyaga."

"Hospitali lini?"

Kapteni alimgeukia kwa macho yaliyomtoka. Wakala alikuwa akimtazama, kwa hiyo akarudisha tabasamu usoni na kuongea kupitia meno. "Mwanamke, tunafika. Kanyaga!"

"Kanyaga breki wewe. Breki si yako?"

"Nikikanyaga breki bila klachi linazimika! Likizimika haliwaki! Kijogoo yule pale na mnyororo!"

"Namwona. Lini?"

"Wiki ijayo!"

"Wiki ijayo ipi?"

Meza ilizidi kukaribia. Wakala alisimama, akachukua kikombe chake cha chai, akarudi nyuma hatua moja.

"Jumatatu! Jumatatu asubuhi!"

"Jumatatu utaniambia ni ngozi ya dereva."

"Leo! Leo, tukishusha mchanga tu! Kanyaga, nakuomba!"

"Apa."

"Naapa!"

"Kwa nani?"

Kapteni alifumba macho nusu sekunde. "Kwa Bi Mkubwa," alisema.

Kiapo hicho hakuwahi kukivunja. Bi Mdogo akakanyaga mpaka sakafuni, kwa nguvu zote, hasira ya friji ikiwa ndani yake na ya wifi ikiwa ndani yake, na Kapteni akakanyaga breki. Bi Mkubwa akasimama mbele ya meza kwa adabu, injini ikinguruma taratibu. Chai haikutikisika.

Wakala alizunguka, akachungulia dirishani. Aliwaona wawili juu ya kiti cha mmoja.

"Naona klachi imepona," alisema.

"Imepona," alijibu Kapteni.

"Na mama ni wa nini?"

"Ni klachi mpya," alisema Bi Mdogo. "Tumepewa shimo gani?"

*

Nesi alikuwa binti mwenye haraka, na foleni nyuma yake ilikuwa ndefu. Alikuwa ameshatazama majibu ya sukari, akapiga mluzi mdogo ambao mafunzo yake hayakumruhusu, akamwita daktari, daktari akasema anakuja. Wakati wakimsubiri, alimlaza Kapteni kitandani, akaufungua unyayo wa kushoto, akaliona jeraha la kaa.

"Hili la lini, baba?"

"Ah, hilo. Jana."

Bi Mdogo alikohoa.

"Wiki hii," alisema Kapteni.

"Sawa. Sasa fumba macho. Nitakugusa na hii pini, mahali mbalimbali. Ukisikia, sema nasikia. Usichungulie."

Kapteni alifumba macho kwa heshima zote. Nesi aligusa kidole gumba. Akagusa vidole vidogo. Akagusa katikati ya unyayo, akabonyeza kidogo, akapanda kisigino, akapanda hadi juu ya kifundo. Kapteni alikuwa amelala mtulivu, mikono kifuani, akingoja waanze.

Kimya kilirefuka. Alikuwa mtu mwenye akili, alijua kwamba kimya hicho kina maana yake. Nesi alikuwa amesharudi nyuma kuandika, pini ameiweka mezani.

"Hapo!" alisema Kapteni kwa sauti ya ushindi. "Hapo nasikia vizuri kabisa!"

Nesi aliacha kuandika, akamtazama Bi Mdogo. Bi Mdogo alitazama pini pale mezani.

"Baba," alisema nesi kwa upole, "sijakugusa."

Kapteni hakufumbua macho. Akanyoosha mkono pembeni, ukapapasa hewani hadi ukaupata wa mkewe, ukaushika.

"Mwambie wewe," alisema. "Mwambie tangu lini."

Bi Mdogo alivuta kiti karibu, akaanza kueleza yote, kuanzia mavuno ya mwaka jana.